Jinsi ya Kuipima Shule Ndogo ya Msingi ya Serikali Dar es Salaam Kabla ya Kumwandikisha Mtoto

Kila mwaka, ifikapo Oktoba, shule za msingi za serikali huanza kuandikisha watoto wa darasa la awali na la kwanza kwa ajili ya Januari inayofuata, na wazazi wengi wa Dar es Salaam huamua kwa kutazama mambo mawili tu: umbali kutoka nyumbani na sifa za shule mtaani. Umbali ni jambo zito na litajadiliwa hapa chini. Sifa za mtaani, hasa kwa shule ndogo, zina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba hutokana na matokeo ya darasa la saba, yaani kazi iliyoanza miaka saba nyuma mikononi mwa walimu ambao pengine wamekwisha kuhamishwa au kustaafu. Mtoto wako anaingia darasa la kwanza, si la saba, kwa hiyo shule inapaswa kupimwa kuanzia chini.

Kwa shule ndogo ninakusudia shule yenye mkondo mmoja kwa kila darasa na wanafunzi kati ya 200 na 400 hivi, katika jiji ambalo baadhi ya shule zake za pembezoni, zile za Mbagala na Chanika kwa mfano, zina maelfu ya wanafunzi, nyingine zikilazimika kuwapokea kwa zamu ya asubuhi na ya mchana.

Kwanza ujue kwa nini ni ndogo

Katika kata za katikati ya jiji kama Kisutu, Mchafukoge na Kivukoni, nyumba nyingi za kuishi zimegeuka maduka na ofisi, na familia zimehamia Kivule, Goba, Bunju na kwingineko. Shule iliyobaki katikati ya mji inaweza kuwa na madarasa yenye nafasi kwa sababu tu watoto wa jirani wamepungua, na hiyo ni heri kwa mzazi anayefanya kazi mjini na anayeweza kwenda na kurudi na mtoto wake.

Sababu ya pili ni ya kiutawala. Shule iliyoelemewa na wanafunzi hugawanywa, na ndani ya uwanja uleule huzaliwa shule nyingine yenye jina lake, mwalimu mkuu wake na daftari lake la mahudhurio. Kwenye karatasi shule hiyo ni ndogo, lakini geti, bomba la maji, vyoo na uwanja wa michezo vinatumiwa na watoto wa shule mbili au tatu. Ukikuta hali hiyo, hesabu wanafunzi wa uwanja mzima, kwa maana foleni ya chooni wakati wa mapumziko haibagui sare.

Sababu ya tatu ndiyo ya kuchunguzwa zaidi: shule imepungua kwa kuwa wazazi wanaoishi jirani nayo wanaikwepa. Hapa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwenye genge lililo mbele ya geti na akina mama wanaowasubiri watoto saa za kutoka watakueleza mengi kuliko ofisi. Waulize watoto wao wanasoma wapi. Wakiwa wanaipita shule hiyo kila asubuhi kwenda nyingine iliyo mbali zaidi, wana sababu, nawe unapaswa kuisikia kabla ya kuamua. Uliza pia katika ofisi ya Afisa Elimu Kata kama upo mpango wa kuiunganisha shule hiyo na nyingine.

Matokeo ya mitihani yasomwe kwa tahadhari

Baraza la Mitihani la Tanzania huweka kwenye tovuti yake matokeo ya kila shule, yale ya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi na yale ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, ingawa katika miaka ya karibuni limeacha kutangaza orodha ya shule bora. Mzazi anayefungua ukurasa wa shule ataona idadi ya waliofanya mtihani, wastani wa shule kati ya alama 300 zinazotokana na masomo sita yenye alama 50 kila moja, na madaraja ya kila mtahiniwa kwa kila somo. Mtahiniwa aliyepata wastani wa daraja A, B au C amefaulu. Tangu 2020, takribani watahiniwa wanne kati ya watano hufaulu kitaifa, kwa hiyo shule inayojigamba kwa ufaulu wa asilimia 80 imefanya kama nchi ilivyofanya, basi.

Kwa shule ndogo kuna tatizo la hesabu. Darasa la saba likiwa na watahiniwa 25, kila mtoto mmoja ni sawa na asilimia nne. Watoto watatu wakiugua au wakipatwa na misukosuko ya nyumbani mwaka huo, ufaulu unashuka kwa asilimia 12 bila mwalimu yeyote kuzembea. Na vivyo hivyo darasa moja lenye watoto wachache wepesi linaweza kuipandisha shule ya kawaida ikaonekana ya ajabu. Baraza lenyewe, lilipokuwa likizipanga shule, liliziweka zenye watahiniwa chini ya 40 katika kundi lake tofauti. Usisome mwaka mmoja, basi. Soma mitano kwa mpigo, na badala ya wastani tazama safu za madaraja ya Hisabati na English Language, masomo ambayo kitaifa ndiyo yanayowaangusha watoto wengi. Shule ndogo ambayo kila mwaka ina watoto kadhaa wenye A na B katika Hisabati, hata kama wastani wake unapanda na kushuka, ina mwalimu anayelijua somo lake. Shule ambayo safu hiyo imejaa D na E miaka yote mitano haina mwalimu huyo, na wastani mzuri unaobebwa na Kiswahili usikufariji.

Kuna hesabu nyingine rahisi ambayo wachache huifanya. Watoto waliokuwa darasa la nne mwaka 2021 ndio waliofanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2024. Linganisha idadi hizo mbili kwa shule unayoichunguza. Idadi ikiwa imepungua sana, wapo waliohama, waliokaririshwa darasa au walioacha shule, na mwalimu mkuu mwenye kumbukumbu nzuri ataweza kukueleza nani alikwenda wapi.

Darasa la kwanza na la pili ndiyo kipimo

Omba kuitembelea shule siku ya kawaida, si siku ya mahafali wala ya kikao cha wazazi. Jumanne au Jumatano saa nne asubuhi inafaa sana. Fika ofisini kwanza, jaza kitabu cha wageni, jitambulishe kwa mwalimu wa zamu na umwone mwalimu mkuu. Mgeni anayezurura madarasani bila ruhusa hapaswi kuvumiliwa, na kama uliingia hadi darasani bila kuulizwa na mtu, hilo nalo umekwisha kulijua kuhusu usalama wa shule hiyo.

Swali la kwanza kwa mwalimu mkuu liwe hili: darasa la kwanza na la pili linafundishwa na nani, na tangu lini? Miaka miwili hiyo mtaala umeilenga kwenye stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, zile tunazoziita KKK, na mtoto anayevuka kuingia darasa la tatu bila kuzimudu atateswa na kila somo litakalofuata, kwa kuwa hata swali la Hisabati husomwa kwanza ndipo likokotolewe. Pamoja na hayo, zipo shule ambazo madarasa hayo hupewa mwalimu mgeni, mwalimu wa kujitolea au mwalimu anayehesabu miezi ya kustaafu, huku walimu hodari wakirundikwa darasa la saba kwa sababu ya mtihani. Kwa maoni yangu, mwalimu mkuu anayemweka mwalimu wake bora darasa la kwanza na kumwacha hapo kwa miaka kadhaa ameshajibu nusu ya maswali yako.

Ukiruhusiwa kukaa nyuma ya darasa kwa dakika chache, sikiliza watoto wanavyosoma. Darasa zima kuitikia kwa sauti moja "ba be bi bo bu" ni jambo la kawaida na halina ubaya, lakini halithibitishi kuwa kuna anayesoma. Watoto wengi huimba maandishi ya ubaoni kwa kukariri huku macho yao yako dirishani. Mwalimu anayejua kazi yake huruka mpangilio: anaelekeza fimbo yake kwenye silabi ya katikati, anamwinua mtoto mmoja mmoja, anafuta neno na kuandika jingine kwa silabi zilezile. Tazama pia kama anawajua kwa majina watoto wanaokaa nyuma. Darasa la watoto 35 linampa nafasi hiyo, naye mwenzake mwenye watoto 150 katika chumba kimoja hana. Faida kuu ya shule ndogo ni hii, na kama mwalimu haitumii, basi udogo wa shule haukusaidii chochote.

Jambo la pili la kufanya ni la nje ya shule. Mtafute jirani ambaye mtoto wake yuko darasa la pili au la tatu hapo, na kwa ridhaa ya mzazi huyo omba kuyaona madaftari. Angalia tarehe: wiki nzima zikikosekana, aidha mtoto hakuhudhuria au mwalimu hakufundisha, na mzazi atajua ni lipi. Angalia usahihishaji. Tiki kubwa nyekundu iliyovutwa juu ya ukurasa wenye makosa matano inamaanisha kuwa daftari lilipita mkononi mwa mwalimu bila kusomwa. Kisha, kwa upole na bila kumtisha mtoto, mpe kitabu cha hadithi cha ngazi yake ambacho hajawahi kukiona na umwombe akusomee aya moja. Watoto watatu wanne wa namna hiyo watakupa picha iliyo wazi kuliko tovuti yoyote.

Ukirudi kwa mwalimu mkuu, muulize ni watoto wangapi wa darasa la tatu bado hawajamudu kusoma na shule inawafanyia nini. Jibu la kutilia shaka ni "wote wanajua". Anayejibu kuwa wako sita, kwamba wanne waliletwa kutoka shule nyingine na kwamba mwalimu fulani hukaa nao nusu saa kila siku baada ya masomo, huyo anaijua shule yake.

Idadi ya walimu

Kiwango kinachotumiwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, na mmoja kwa watoto 25 katika darasa la awali. Kiwango hicho kinaonekana kizuri mpaka ukiweke kwenye shule ndogo. Shule yenye wanafunzi 300 wa msingi inastahili walimu saba kwa hesabu hiyo, ilhali ina madarasa saba ya msingi na la awali, na mwalimu mkuu ni mmoja kati ya walimu hao. Kwa hiyo uwiano unaweza kuwa sahihi kabisa katika takwimu za halmashauri wakati chumba kimoja hakina mwalimu siku nzima. Mmoja akienda likizo ya uzazi, akiitwa kwenye semina au akisafiri kwa msiba, vyumba viwili. Muulize mwalimu mkuu wazi: mwalimu asipokuwepo, darasa lake hufanya nini? Shule ndogo zinazojiendesha vizuri zina utaratibu ulioandikwa wa nani anashika darasa la nani. Nyingine humweka kiranja aandike majina ya wanaopiga kelele.

Uliza pia wangapi ni waajiriwa wa serikali na wangapi wanajitolea, analipa nani posho ya hao wanaojitolea, na ni nani anayekaribia miaka 60. Katika shule ya walimu 40 kustaafu kwa mmoja hakuonekani, lakini katika shule ya walimu wanane kunaweza kuondoa somo zima la Sayansi.

Mabadiliko ya Sera ya Elimu, toleo la 2023, yanagusa hesabu hii. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Kwa mpangilio uliotangazwa, mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani yatamaliza pamoja, na baada ya hapo shule yenye mkondo mmoja itakuwa na chumba kimoja kisichohitaji mwalimu. Kwa shule kubwa hiyo ni nafuu ndogo. Kwa shule ya walimu saba ni tofauti kati ya kutosha na kutotosha.

Vyoo, maji na uwanja

Majengo yasikuchukulie muda mwingi. Rangi mpya ukutani mara nyingi ni ya mfadhili na haifundishi. Vyoo ni jambo jingine. Mwongozo wa kitaifa unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, kwa hiyo shule ya wasichana 150 na wavulana 150 inahitaji matundu manane na sita. Ingia uone kama milango inafungwa kwa ndani, kama maji yapo siku hiyo na kama wasichana wa madarasa ya juu wana chumba cha kujihifadhi wakati wa hedhi. Shule nyingi za katikati ya mji hazina uwanja wa maana. Uliza michezo inafanyika wapi na kama shule hupeleka watoto UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, kwani katika shule yenye watoto wachache hata mtoto asiye na kipaji kikubwa hupata nafasi ya kuvaa jezi.

Fedha

Elimu ya msingi haina ada, lakini "bila malipo" si sawa na bila gharama. Ruzuku ya uendeshaji iliyowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika mgawanyo uliotumika tangu mpango wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016, shilingi 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 hufika shuleni. Shule ya wanafunzi 300 hupata kwa hesabu hiyo shilingi 1,800,000 kwa mwaka, yaani 150,000 kwa mwezi, za kununulia chaki, karatasi za mitihani na kufanyia matengenezo madogo. Shule kubwa hupata zaidi kwa kuwa fedha hufuata vichwa, wakati mlinzi wa usiku hudai mshahara uleule awe analinda watoto 300 au 3,000. Ndiyo maana shule ndogo hutegemea michango ya wazazi kuliko inavyokiri.

Mchango wenyewe si kosa. Linalopaswa kuchunguzwa ni njia yake: je, uliamuliwa kwenye mkutano wa wazazi na upo muhtasari wa Kamati ya Shule, mzazi hupewa stakabadhi, na mapato na matumizi hubandikwa kwenye ubao wa matangazo kwa tarehe za karibuni? Jumlisha mchango wa mlinzi, uji au chakula cha mchana, mitihani ya kujipima na masomo ya ziada, kwa mwaka mzima, kabla ya kusema shule ni ya bure. Uliza hasa kuhusu masomo ya ziada. Mwalimu anayefundisha nusu ya mada darasani na nusu nyingine jioni kwa malipo ni tatizo ambalo mtoto asiye na fedha hulibeba peke yake. Na ukisikia kuwa watoto hurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, serikali imekwisha kulikataza jambo hilo mara kadhaa, nawe una haki ya kulifikisha kwa Afisa Elimu Kata.

Adhabu

Kanuni za adhabu ya viboko, Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu maalumu. Omba kukiona kitabu hicho. Kikiwa kitupu huku kila mwalimu anatembea na fimbo uwanjani, umeshajua kanuni inavyoheshimiwa. Wapo wazazi watakaokuambia kuwa bila kiboko hakuna nidhamu. Mimi siko upande wao kwa mtoto wa miaka sita ambaye kosa lake ni kutojua silabi, na ningemuuliza mwalimu wa nidhamu swali hilo moja tu: je, mtoto huchapwa kwa kukosa jibu?

Njia ya kwenda na kurudi

Tembea njia yenyewe, kwa miguu, saa ambayo mtoto ataitumia. Shule iliyo umbali wa mita 600 lakini ng'ambo ya Barabara ya Mandela au Morogoro iko mbali kuliko iliyo kilomita moja na nusu ndani ya mtaa. Kama itabidi apande daladala, kumbuka kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo na makondakta wengi hawapendi kuwachukua watoto asubuhi, kwa hiyo mtoto atafika amechelewa au amesimama juu ya miguu ya watu. Bodaboda inayobeba watoto watatu si suluhisho. Fuatilia pia njia siku ya mvua, hasa maeneo ya karibu na Mto Msimbazi, ambako maji hufunga njia na baadhi ya madarasa hubaki nusu.

Kwa mtoto mwenye ulemavu, udogo wa shule peke yake hautoshi, kwa sababu kinachohitajika ni mwalimu wa elimu maalumu na vifaa. Uhuru Mchanganyiko huko Ilala na Shule ya Viziwi Buguruni zina uzoefu huo wa miaka mingi, na ni vyema kushauriana nazo kabla ya kumwandikisha katika shule ya jirani. Wazazi wanaotaka Kiingereza kama lugha ya kufundishia bila kwenda shule binafsi huzitazama shule za umma kama Olympio na Diamond, ambazo zina utaratibu wake wa nafasi na gharama.

Baada ya kuandikisha

Peleka cheti cha kuzaliwa na uandikishe mapema, kwa kuwa shule yenye mkondo mmoja ikijaa imejaa. Ikiwezekana mwanzishe kwenye darasa la awali la shule hiyohiyo. Mwaka huo mmoja utakupa nafasi ya kuichunguza kutoka ndani. Hudhuria mkutano wa kwanza wa wazazi, na ifikapo Juni msikilize mwanao akisoma nyumbani. Ikiwa hadi mwisho wa darasa la pili hasomi na shule haina mpango naye, hamisha. Uhamisho hupitia kwa walimu wakuu wa shule zote mbili na mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa PReM, kwa hiyo hakikisha unaijua namba yake ya PReM na una nakala ya ripoti yake ya maendeleo, na ufanye hivyo kabla hajafika darasa la nne, ambapo usajili wa upimaji wa kitaifa hulifanya jambo hilo kuwa gumu zaidi.